Shaba na nitrojeni: kutoka bluu ya praktiko mpaka damu ya pweza na vidonge vya presha

Kama ulisoma kemia mpaka form four basi lile swali la kutambua ioni unalikumbuka tu, hata kama mengine yote yameshafutika kichwani. Unapewa tesityubu ina maji ya bluu nyepesi, ni mrututu, yaani kopa salfeti, umeyeyushwa humo, unaambiwa dondoshea amonia. Matone ya kwanza yanaleta mashapo ya bluu hafifu yanayotuama chini. Unaendelea kudondosha, mashapo yanayeyuka yote, na tyubu nzima inakuwa bluu nzito, ile bluu ambayo ukishaiona mara moja huwezi kuichanganya na nyingine. Unaandika kwamba ni shaba, unachukua maksi zako, habari imeisha. Mwalimu hana muda wa kukueleza kimetokea nini pale ndani na wewe una maswali mengine matatu yanakusubiri.

Kilichotokea ni kwamba shaba imebadilisha majirani. Ioni ya shaba ikiwa ndani ya maji haikai peke yake, inazungukwa na molekuli za maji zilizoigeuzia upande wa oksijeni, maana oksijeni ina jozi za elektroni ambazo hazijatumika na shaba ina chaji chanya mbili, inazitaka. Sasa ukileta amonia unaleta nitrojeni, na nitrojeni nayo ina jozi yake ya elektroni ila yenyewe sio bahili kama oksijeni, haizivutii elektroni zake ndani kwa nguvu ile, kwa hiyo inazitoa kirahisi zaidi. Shaba inaacha maji inashika amonia. Hivi vitu vinavyoizunguka metali na kuipa elektroni ndio vinaitwa ligandi, na aliyetupangia hesabu yote hii ni Alfred Werner wa Zurich, akapewa Nobel mwaka 1913 kwa kusema kitu ambacho leo kinaonekana cha kawaida, kwamba metali ina idadi yake ya majirani na hao majirani wana mpangilio maalum angani.

Ila angalia, amonia zinazoingia kwa nguvu ni nne tu. Unaweza kumwaga chupa nzima, ya tano inashika kwa shida sana na ya sita ndani ya maji hutaiona. Kwanini nne wakati maji yalikuwa yanazunguka pande zote sita? Hapa ndio patamu, na ukiielewa hii sehemu moja basi nusu ya tabia za shaba umeshazipata.

Shaba yenye chaji mbili ina elektroni tisa kwenye ganda lake la nje, lile ambalo wakemia wanaliita d. Nafasi ziko tano, kila moja inabeba mbili, jumla kumi, kwa hiyo kuna pengo la elektroni moja. Ukiizungushia ligandi sita, nne kwenye mraba, moja juu na moja chini, zile nafasi tano haziwi sawa tena: mbili kati yake zimeelekea moja kwa moja kwa ligandi, na elektroni zilizokaa humo zinapata usumbufu maana zinakutana uso kwa uso na elektroni za ligandi. Moja imeelekea kwenye mraba, nyingine imeelekea juu na chini. Elektroni za kugawana hapo ni tatu tu, kwa hiyo moja ya hizo nafasi lazima ipate mbili na nyingine ipate moja. Ile ya juu na chini ndio kawaida inapata mbili, basi ligandi za huko zinasukumwa mbali, na zile nne za mraba, upande wenye elektroni pungufu, zinasogea karibu. Hermann Jahn na Edward Teller walionyesha kihesabu mwaka 1937 kwamba hali kama hiyo haiwezi kubaki na umbo la usawa, lazima ijivute upande mmoja. Ndio huyo huyo Teller wa bomu la haidrojeni, ndio.

Kwa hiyo kwenye fuwele za ile bluu nzito ukipima kwa eksirei unakuta nitrojeni nne ziko kwenye mraba, umbali wa pikomita 200 na kidogo kutoka kwa shaba, halafu molekuli ya maji imekaa juu, zaidi ya pikomita 230. Tofauti inaonekana ndogo kwa maandishi lakini kwenye ulimwengu wa atomu hiyo ni tofauti ya jirani wa kweli na mtu anayepita njia. Na anapita kweli: molekuli za maji zinazoizunguka shaba zinabadilishana nafasi mara bilioni kadhaa kwa sekunde moja, wakati nikeli, ambayo iko jirani yake kabisa kwenye jedwali la elementi na ina chaji ile ile, ni makumi ya maelfu tu. Sababu kubwa ni hizo nafasi mbili zilizovutika.

Sasa rangi. Ile elektroni inayoweza kuruka kutoka nafasi ya chini kwenda kwenye lile pengo inahitaji nishati, na inaichukua kutoka kwenye mwanga. Ligandi ikiwa dhaifu kama maji, mruko ni mfupi, unaliwa mwanga wa nishati ndogo, wenye urefu wa wimbi karibu nanomita 800, hiyo iko mpakani kabisa mwa wekundu unaoonekana na macho hayaoni sana, ndio maana mrututu kwenye maji una bluu nyepesi. Weka amonia, nitrojeni nne zinabana ule mraba, mruko unakuwa mrefu, kinacholiwa sasa kiko karibu na nanomita 600, yaani njano na machungwa, na kinaliwa kwa wingi zaidi, unabaki na bluu nzito. Halafu kuna ile testi ya protini ya kwenye baiolojia, ya baiyureti, ambayo unaweka sodiamu haidroksaidi na matone ya mrututu kwenye maziwa au ute wa yai inatoka zambarau. Watu wengi hawajui kwamba ni habari ile ile! Ule uti wa protini una nitrojeni kila hatua, besi ikizinyang'anya haidrojeni zake zinakuwa na chaji hasi na zinaibana shaba kuliko hata amonia, nne kwenye mraba, mruko unazidi kurefuka mpaka kwenye nanomita 540 hivi, kinacholiwa ni kijani na wewe unaona zambarau. Hospitalini wakikupima protini ya jumla kwenye damu, njia inayotumika sana ni hiyo hiyo, mashine inasoma uzito wa ile zambarau tu.

Kwangu mimi hiyo ndio ilitakiwa kufundishwa pamoja, kemia na baiolojia siku moja, badala ya kukariri kila rangi kivyake.

Kuna njia nyingine ya kujua nitrojeni ngapi zimeishika shaba bila hata kuangalia rangi. Ile elektroni moja isiyo na mwenzake inafanya shaba iwe na usumaku kidogo, na ukiiweka kwenye sumaku kubwa na kuipiga mawimbi ya maikrowevu inajibu. Kiini cha nitrojeni nacho kina usumaku wake, kwa hiyo kila nitrojeni iliyoshikana na shaba inaligawa lile jibu kwenye mistari zaidi: nitrojeni moja mistari mitatu, mbili mitano, nne tisa. Sampuli ikiwa safi unakaa na karatasi yako unahesabu mistari unajua majirani ni wangapi. Sio kila mara inatoka vizuri hivyo, mistari inapandana, lakini ikitoka inafurahisha.

Turudi kwenye nguvu ya kushika. Amonia inashika kwa mkono mmoja. Ukichukua molekuli yenye nitrojeni mbili zilizounganishwa na kamba fupi ya kaboni, ethilinidiamini kwa mfano, inashika kwa mikono miwili, na ukiachia mmoja, wa pili bado umeng'ang'ania na ule wa kwanza unarudi. Nitrojeni ni zile zile nne kwa jumla lakini namba ya uthabiti, yaani kipimo cha ugumu wa kuachana, inapanda kutoka kama 10 kipeo cha 13 kwenda 10 kipeo cha 20, yaani mara milioni kumi. Na kwenye hii michezo shaba ndio bingwa kati ya jirani zake: wakemia Irving na Williams waliipanga foleni kwenye miaka ya 1948 na 1953, manganizi, chuma, kobalti, nikeli, uthabiti unapanda, unafika kileleni kwenye shaba halafu unashuka kwenye zinki, karibu haijalishi ligandi gani.

Hiyo foleni inaendesha biashara. Kule Katanga, Kongo, mfano mgodi wa Tenke Fungurume, mawe yanaloweshwa kwenye asidi, unapata maji machafu yenye shaba, chuma na makorokoro mengine, halafu yanachanganywa na mafuta ya taa yenye oksimu, ligandi inayoyeyuka kwenye mafuta. Molekuli mbili za oksimu zinaishika shaba kila moja kwa nitrojeni moja na oksijeni moja, zinatengeneza ule ule mraba ambao shaba inaupenda, na chuma kwa sehemu kubwa kinabaki kwenye maji. Mafuta yanatenganishwa, yanapigwa asidi kali zaidi, shaba inaachiliwa, umeme unaigandisha kwenye bamba. Lile bamba jekundu unaloliona kwenye malori yanayokuja Dar lilishapita mikononi mwa nitrojeni, kama limetoka kwenye mgodi wa aina hiyo.

Na ukifunga mikono yote minne iwe duara moja unapata kitu kisichoachia kabisa. Kopa fithalosianini: nitrojeni nane, nne zinaigusa shaba na nne zinaunganisha vipande vya duara, bapa kabisa kama sahani. Mwaka 1927 wakemia wawili wa Fribourg, Uswisi, waliitengeneza bila kukusudia, mwaka uliofuata kiwanda kimoja kule Grangemouth, Scotland, kikakuta ndugu yake yenye chuma kwenye chombo kilichopasuka, na 1935 mkemia Robertson akaanza kuonyesha muundo kwa eksirei. Unaweza kuiyeyusha kwenye asidi ya salfyuriki kali ukaimwaga kwenye maji ikarudi vile vile na shaba yake ndani. Hiyo ndio bluu ya wino wa printa, ile saiani, na rangi nyingi za plastiki. Hapa tu niseme, hii bluu sio ile ya praktiko, huku elektroni zinazocheza ni za duara lenyewe sio za shaba, na ndio maana kijiko kimoja kinapaka ndoo nzima.

Sasa pweza. Damu yetu inabeba oksijeni kwa chuma, pweza, kaa, kamba na konokono wanatumia shaba, kwenye protini inayoitwa himosianini. Ndani yake kuna shaba mbili zinazotazamana, kila moja imeshikwa na nitrojeni tatu za asidi amino inayoitwa histidini. Bila oksijeni shaba zote ziko kwenye chaji moja, zina elektroni kumi kamili, pengo hakuna, mruko hakuna, damu haina rangi. Oksijeni ikiingia inachukua elektroni moja kwa kila shaba, zinakuwa za chaji mbili, pengo limerudi na damu inageuka bluu. Kwa hiyo usitegemee kumkuta pweza wa sokoni Forodhani anavuja bluu, ameshakufa na oksijeni imeisha.

Swali lililowasumbua watu muda mrefu ni oksijeni inakaaje pale katikati. Protini ni kubwa mno na kuipata kwenye fuwele ikiwa na oksijeni yake ni kazi, kwa hiyo Nobumasa Kitajima wa Japani alitengeneza kifano kidogo: shaba mbili, kila moja imeshikwa na ligandi yenye duara tatu za pirazoli, familia iliyogunduliwa na mkemia Trofimenko miaka ya 1960, kila duara lina nitrojeni mbili na moja ndio inaigusa shaba. Mwaka 1989 akaonyesha kwamba oksijeni imelala kifudifudi katikati, atomu zote mbili zinagusa shaba zote mbili, kitu ambacho watu hawakukitegemea. Miaka ya 1990 ndio muundo wa protini yenyewe ukatoka, wa kaa-farasi wa Marekani, na ikaonekana ni vile vile alivyosema. Mimi nampa heshima sana huyu bwana, aliipata siri ya damu bila kugusa damu.

Hiyo shaba ya chaji moja ina tabia yake kabisa. Kwa vile haina pengo haihitaji mraba, inapenda majirani wanne waliotawanyika mbali mbali, wawili huku na wawili kule wamekatana kama msalaba. Jean-Pierre Sauvage wa Strasbourg akaona hapo kuna mtego: ukichukua molekuli mbili za fenanthrolini, kila moja ina nitrojeni mbili, ukaziweka kwenye shaba ya chaji moja zinapishana zenyewe, basi ukizifunga mwisho kila moja iwe pete unapata pete mbili zilizopitana, halafu unaitoa shaba na pete zinabaki zimefungamana. Hiyo ilikuwa 1983. Baadaye alienda mbele, pete moja akaipa upande wa nitrojeni mbili na upande mwingine wa nitrojeni tatu, ukiinyang'anya shaba elektroni moja kwa umeme inataka majirani watano, pete inazunguka yenyewe kuwatafuta, ukirudisha elektroni inarudi. Nobel 2016 ilitoka kwa kazi za namna hiyo.

Mpaka hapa nitrojeni zilikuwa nyingi kuizunguka shaba lakini kila moja kivyake. Kemia inapozungumzia misombo tajiri wa nitrojeni mara nyingi inamaanisha kitu kingine, nitrojeni zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Na tofauti ni kubwa kweli. Amonia kwa uzito ni asilimia 82 nitrojeni na haikulipukii. Tetrazoli ni duara dogo la kaboni moja na nitrojeni nne mfululizo, asilimia 80, na hiyo ni ya kuheshimu. Sababu iko kwenye bondi: bondi moja ya kawaida kati ya nitrojeni na nitrojeni ina kilojuli kama 160 kwa moli, ila zile bondi tatu za gesi ya nitrojeni tunayovuta kila siku zina 945. Mara tatu ya 160 ni 480 tu. Yaani kila nitrojeni zikipata nafasi ya kuachana na duara na kuwa gesi zinatoa joto kubwa, na gesi inahitaji nafasi, mara moja.

Ila hapo hapo, tetrazoli ni ligandi nzuri ajabu. Haidrojeni yake inatoka kirahisi, asidi yake iko karibu sawa na ya siki, na ikitoka duara linabaki na chaji hasi na nitrojeni nne zote zina jozi ya kutoa. Inaweza kushika shaba mbili, tatu, hata nne kwa mpigo, kwa hiyo badala ya molekuli moja moja unapata minyororo na nyavu zisizo na mwisho. Ukitumia molekuli zenye tetrazoli tatu pembeni ya kipande kikubwa cha kaboni unapata mfupa wenye matundu, na watu wamezijaribu nyavu hizo za shaba kuhifadhi haidrojeni, maana kwenye matundu kuna shaba zenye upande mmoja mtupu. Triazoli, ya nitrojeni tatu, nayo ni hivyo hivyo, inaunganisha shaba kwa nitrojeni zake mbili zilizo jirani, na elektroni pekee za shaba hizo zinaongea kupitia daraja hilo, kawaida zinalala kichwa kwa miguu na usumaku unapungua ukipoza. Azidi, nitrojeni tatu kwenye mstari, inategemea imeshika vipi: ikitumia ncha moja kwa shaba zote mbili, elektroni mara nyingi zinaelekea upande mmoja, ikitumia ncha mbili tofauti zinapingana. Ligandi ile ile, sumaku mbili tofauti.

Kwani basi hatari iko wapi hasa? Iko kwenye uwiano. Losartani, kidonge cha presha ambacho nusu ya wazee mtaani wanacho kwenye droo, kina tetrazoli ndani yake, duara lile lile. Flukonazoli ya fangasi ina triazoli mbili. Hakuna kinacholipuka kwa sababu duara hilo dogo limezungukwa na kaboni nyingi, kwenye losartani nitrojeni zote pamoja ni kama asilimia 20. Ukipunguza kaboni ukaweka shaba na vitu vyenye oksijeni ya kuunguza, mfano perklorati, hesabu inabadilika, na ndio maana maabara zenye akili haziruhusu perklorati kwenye kompleksi (metali na ligandi zake) za hivi mpaka uwe na sababu nzito. Kuna watafiti, hasa wa upande wa jeshi, wanaoitafuta shaba yenye tetrazoli ichukue nafasi ya risasi, madini namaanisha, kwenye fataki za kuwashia milipuko, maana risasi inaachia sumu kwenye udongo wa viwanja vya shabaha. Hiyo ni kazi ya watu wenye vizuizi na roboti.

Shaba yenyewe pia inaweza kuizalisha triazoli. Mwaka 2002 Meldal wa Denmark na Sharpless wa Marekani, kila mmoja kivyake, waliona kwamba azidi na alkaini (misombo yenye kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi tatu) ambazo zenyewe zinajivuta vuta hata ukizipasha moto zinaungana haraka ukitia shaba ya chaji moja kidogo, na kinachotoka ni duara la nitrojeni tatu lililo imara, upande mmoja tu wa umbo, bila takataka. Wakapata Nobel 2022 pamoja na Bertozzi, ambaye yeye alitafuta njia ya kufanya hivyo bila shaba ili isidhuru seli hai.

Cha kuangalia kwa anayefanya kazi labu ni sodiamu azidi. Ipo kwenye riejenti, kemikali za kupimia, nyingi za hospitali kama kinga ya bakteria, kidogo sana kwenye kila chupa, na watu wanaimwaga kwenye sinki miaka nenda miaka rudi. Bomba likiwa la shaba au shaba nyeupe, azidi inakaa na metali na kujijenga polepole kwenye ukuta wa ndani, na kopa azidi ikishakauka haihitaji moto, msuguano wa spana ya fundi unatosha. Soma lebo, kusanya kwenye chombo cha taka za kemikali, na fundi akija kufungua bomba la sinki la zamani mwambie kabla hajashika kitu.